Rafiki yetu amesusia chemsha bongo kwa sababu ya ziwa

SWALI

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi huku Industrial Area, nina umri wa miaka 38, na nyumbani kwangu ni Umoja. Ninakuandikia kuhusu jambo ambalo mke wangu analiona la kitoto, lakini limeninyima usingizi kwa wiki tatu sasa, kwa hiyo naomba unisome hadi mwisho kabla ya kucheka.

Tuko marafiki sita, wanaume watupu, ambao tulijuana tukiwa wapangaji katika ploti moja kabla kila mtu hajaoa na kuhamia kwake. Mwaka 2020, kafyu ilipotufungia nyumbani na hatukuweza kukutana jioni kama tulivyozoea, nilianza kuwatumia wenzangu swali moja kila siku katika kikundi chetu cha simu ili tusisahauliane. Kafyu iliondolewa, swali likabaki. Hadi leo, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na mbili u nusu asubuhi, nalituma nikiwa steji, na wenzangu hulijibu wakiwa ndani ya matatu katika msongamano wa Jogoo Road, au wakiwa bado nyumbani wanasubiri madumu yajae kabla maji ya mgao hayajakatwa. Mwisho wa kujibu ni saa tatu. Kutafuta jibu kwenye intaneti ni mwiko, na ingawa hakuna anayeweza kumchunga mwenzake, tunaaminiana. Jumamosi tunakutana katika kibanda kimoja karibu na steji, tunakunywa chai, tunakula chapati na ndengu, na aliyepata alama chache katika wiki hiyo ndiye anayelipa. Kwa watu sita bili haipungui shilingi mia saba.

Maswali nayatunga mimi peke yangu. Mengine huwa ya historia na jiografia, na mengine huwa ya habari za jiji: nauli imepanda hadi ngapi, daraja gani limefungwa, mtaa upi umekaa bila umeme kwa siku ngapi. Hayo ya habari ndiyo wanayoyapenda zaidi, kwa sababu kila mtu huwa na la kuongeza.

Basi, Jumatano moja niliuliza ziwa kubwa kuliko yote nchini Kenya ni lipi. Wanne waliandika Victoria, ambalo ndilo jibu nililokuwa nalo. Rafiki yetu mmoja, ambaye ni fundi cherehani na ndivyo tunavyomwita, Fundi, aliandika Turkana. Nilipomwambia amekosa alibisha sana, jambo ambalo si kawaida yake, kwani ni mtu wa maneno machache. Nilimjibu kwamba Victoria ndilo ziwa kubwa kuliko yote Afrika, itakuwaje lisiwe kubwa kuliko yote Kenya? Mwenzetu mmoja akatia chumvi kwamba Fundi ashone, jiografia awaachie wenyewe. Tulicheka. Sikumpa alama, kwa kuwa kanuni yetu inasema neno la mwulizaji ndilo la mwisho.

Alhamisi alijibu kama kawaida, akakosa, akajicheka mwenyewe. Ijumaa hata nilimfurahisha, kwa sababu niliuliza habari niliyoisikia redioni alfajiri hiyo: usiku wa kuamkia siku hiyo, vibanda vya upande gani wa barabara vilibomolewa katika mtaa mmoja wa huku Eastlands. Fundi alikuwa wa kwanza kujibu, baada ya dakika mbili tu, tena kwa kirefu: upande wa kushoto ukitoka mjini, kuanzia kwa muuza makaa hadi kwenye mwembe. Nikampa alama yake na kuandika kwamba leo Fundi ameamka na redio, wenzetu wakacheka. Kwa hiyo siwezi kulaumiwa kwamba namwonea.

Jumamosi hakuja. Ilikuwa zamu yake kulipa, kwani alikuwa wa mwisho kwa alama, na ni kweli kwamba angehesabiwa ile ya ziwa asingekuwa wa mwisho. Wenzangu walisema amekimbia bili, na mmoja akaandika kikundini kwamba deni la chai halifi. Tangu hapo Fundi hajajibu swali hata moja. Kila asubuhi naona alama za buluu kwamba amelifungua na kulisoma, lakini haandiki neno. Nilimpigia mara mbili. Mara ya kwanza hakushika, mara ya pili alisema yuko mbioni kidogo, tutaongea. Siku hizi hata kazini kwake sijui nianzie wapi kumtafuta, maana tangu ahamishe kibanda chake cha kushonea mwaka jana sijawahi kufika huko.

Wawili kati yetu wanataka tumwondoe kikundini. Mimi naona ni ajabu urafiki wa miaka mingi kuvunjwa na ziwa. Nani alikuwa na haki? Nimrudishie alama, tumwondoe, au niuache mchezo wenyewe?

Mwulizaji, Umoja

JIBU

Marahaba, mpwa wangu. Sitacheka.

Tulimalize ziwa kwanza, kwa kuwa ndilo uliloniuliza na ndilo jepesi. Fundi alikuwa na haki kuliko wewe. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na ni kweli hakuna ziwa barani Afrika linalolifikia, lakini karibu maji yote hayo yamo Tanzania na Uganda. Fungu la Kenya ni kama asilimia 6 tu, yaani kilomita za mraba elfu nne na kidogo. Ziwa Turkana lina kilomita za mraba zipatazo 6,400, na karibu lote limo ndani ya mipaka yetu, isipokuwa ile ncha ya kaskazini ambako Mto Omo unamwaga maji kutoka Ethiopia. Ukiuliza ni ziwa gani kubwa kati ya yale yanayogusa ardhi ya Kenya, jibu ni Victoria. Ukiuliza ni lipi lenye maji mapana zaidi ndani ya Kenya, jibu ni Turkana. Wewe uliandika "nchini Kenya", na neno hilo moja ndilo lililokuponza.

Usijilaumu kupita kiasi, maana mtego huu huwanasa watunga maswali wengi. Uliza Nairobi ilianza lini, na mmoja atakuambia 1899, reli ilipofika na kambi yake ikajengwa kwenye kinamasi, mwingine atakuambia 1950, mji ulipopewa hadhi ya jiji, na wote wawili watakuwa na ushahidi. Uliza Kenya ilipata nini tarehe 12 Desemba, utajibiwa uhuru, wa 1963, na utajibiwa jamhuri, ya 1964. Hata zile mbio za Vienna za mwaka 2019, ambazo Eliud Kipchoge alizimaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, zinaweza kuwagombanisha watu mezani usiposema wazi kama unamtaka mtu aliyeshuka chini ya saa mbili au mwenye rekodi iliyoandikishwa, kwa sababu muda ule haukuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Mwulizaji mwenye neno la mwisho anapaswa kulichunguza neno lake la kwanza.

Sasa tuache ziwa, kwa maana sidhani kwamba ndilo lililomnyamazisha rafiki yako, na ushahidi umeniletea wewe mwenyewe. Ugomvi wa ziwa ulikuwa Jumatano. Alhamisi Fundi alijibu, akakosa, akajicheka. Mtu aliyekasirishwa na alama hajichekeshi kesho yake mbele ya waliomnyima. Jambo lililomnyamazisha lilitokea kati ya Alhamisi asubuhi na Jumamosi, na katika barua yako ndefu, jambo pekee lililotokea kati ya siku hizo ni swali ulilolieleza kwa sentensi chache ili kunionyesha kwamba humwonei.

Hebu lisome tena jibu lake. Uliuliza upande gani wa barabara; jibu lilikuwa neno moja, kushoto au kulia. Yeye akakutajia muuza makaa, akakutajia na mwembe. Sijapata kusikia redio ikieleza ubomoaji wa usiku mmoja kwa kutaja mwembe. Anayezitaja alama kama hizo ni mtu anayepita hapo kila siku, anayejua jirani wa kwanza wa ile safu ni nani na wa mwisho ni nani, na ambaye yumkini ana kibanda katikati yao. Umeniambia Fundi alihamisha kibanda chake mwaka jana na hujafika alikohamia. Umeniambia alijibu kwa dakika mbili. Mpwa wangu, saa kumi na mbili na dakika thelathini na mbili asubuhi ile, huenda rafiki yako alikuwa amesimama chini ya huo mwembe akitafuta meza yake ya kukatia vitambaa kati ya mabati yaliyokunjwa, simu ikalia mfukoni, akaitoa akidhani ni mtu anayemtafuta kumpa pole, akakuta ni wewe unauliza ni upande gani. Akakujibu. Nadhani hilo jibu refu lilikuwa ndiyo njia yake ya kuwaambia, na ninyi mkampa alama moja na kicheko.

Yawezekana nimekosea. Huenda anauguliwa, huenda ameshindwa kodi ya nyumba, huenda kuna jambo la ndoa yake ambalo si letu. Lakini kila nikiisoma barua yako narudi kwenye mwembe.

Na ikiwa ndivyo, basi tazama ile Jumamosi kwa macho mengine. Siku moja baada ya kupoteza mahali pa kazi, fundi ambaye kwa kawaida hupata riziki yake siku kwa siku, wa kupunguza suruali hapa na kubadilisha zipu pale, alitakiwa aje alipie watu sita chai na chapati. Wazee walipotega kitendawili, aliyeshindwa aliambiwa atoe mji, akatoa Mombasa au Lamu, mtegaji akaufurahia mji huo kisha akafumbua, na hakuna aliyerudi nyumbani na mfuko mtupu. Ninyi mji wenu ni shilingi mia saba. Kwako wewe mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi ni utani wa marafiki. Kwake, wiki ile, huenda ilikuwa unga na mafuta ya taa. Kisha mwenzenu akaandika kwamba deni la chai halifi, na hukuniambia kama kuna yeyote aliyemkemea.

Kwa hiyo nenda ukamtafute. Usimpigie simu, kwa kuwa simu umeshapiga na jibu lake umelipata: "niko mbioni kidogo" ni maneno ya mtu asiyetaka kuulizwa swali la pili. Nenda nyumbani kwake Jumapili alasiri, peke yako, bila wale wanne, kwani ujumbe wa watu watano mlangoni hufanana na kesi. Beba suruali mbili zinazohitaji kupunguzwa; najua unazo, kila mwanaume wa Nairobi anazo. Kama cherehani iliokolewa na sasa anashonea sebuleni, utaiona, na hutahitaji kuuliza kilichotokea. Mpe kazi, mlipe bei yake kamili kabla hajaianza, na usijitie kumwongezea kwa huruma, maana fundi anaijua bei yake. Kama cherehani haipo, nayo utaona, na hapo suruali ziache kwenye mfuko.

Msamaha uombe kwa maneno machache na kwa jambo lililo hasa. Usimwambie "kama nilikukosea unisamehe", kwa sababu hiyo "kama" inamrudishia yeye mzigo wa kuthibitisha. Mwambie: siku ile niliuliza kuhusu vibanda, sikujua kwamba chako kilikuwa kati yake, na nilicheka, nisamehe. Kisha nyamaza. Akikuambia si hivyo, bali ni jambo lingine, utakuwa umemfungulia mlango wa kulisema. Akikaa kimya, kunywa chai utakayopewa na uage.

Kuna kishawishi kimoja ninachokuonya mapema, kwa kuwa sisi watu wa Nairobi tuna mkono mwepesi wa mchango. Utakapotoka hapo utatamani kuandika kikundini palepale steji kwamba Fundi amebomolewa, kila mtu atume alichonacho. Usiandike kabla hajakuruhusu. Mtu aliyekaa wiki tatu bila kuwaambia alikuwa na sababu, na ukiitangaza shida yake bila idhini yake utakuwa umefanya tena kosa la ile Ijumaa, safari hii kwa nia njema. Muulize kwanza. Akikubali, ni afadhali wawili au watatu waende na fedha mkononi kuliko orodha ya majina na viwango inayopita mbele ya macho ya wote.

Lile la ziwa, kinyume chake, liseme hadharani, kwa kuwa ulimnyima hadharani. Andika kwamba umepima upya, kwamba ndani ya Kenya Turkana ni kubwa kuliko fungu letu la Victoria, kwamba alama ya Jumatano ile ni ya Fundi, na kwamba kwa hesabu hiyo hakuwa wa mwisho. Usitie kikaragosi cha kucheka. Bili ya Jumamosi ile, sijui ni nani aliyeilipa, lakini kwa hesabu mpya si ya Fundi, na yule aliyeandika kuhusu deni la chai naye atajua la kufanya. Kuanzia sasa kila mtu alipe kikombe chake. Hamtakosa utamu wowote.

Maswali ya habari sikushauri uyaache, kwani naelewa kwa nini wenzako wanayapenda. Lakini habari za jiji hili ni tofauti na maziwa. Ziwa halina mpangaji. Aprili 2024, mafuriko yalipoingia katika nyumba za watu Mathare, usingediriki kuuliza asubuhi yake ni kingo zipi za mto zilizozama, kwa sababu maafa yalikuwa makubwa na kila mtu alijua ni maafa. Vibanda ishirini vinapobomolewa usiku hatushtuki tena, tunavisikia kati ya hali ya hewa na nauli, na hapo ndipo mwulizaji anapoteleza. Mimi ningejiwekea masharti madogo: habari ya mtu aliyepoteza kitu isiwe swali kabisa, na nauli, madaraja na umeme viendelee. Tena usitunge peke yako. Mkiwa sita, kila mmoja akipewa wiki yake, neno la mwisho litazunguka pia, na utajua inavyokuwa kubisha na kuambiwa ukashone.

Sasa limebaki la wale wawili wanaotaka Fundi aondolewe kikundini. Wakatalie, na huna haja ya kuwaeleza sababu ambayo bado si yako kuieleza. Umesema mwenyewe kwamba kila asubuhi unaziona alama za buluu. Wiki tatu, maswali kumi na matano, na yote ameyafungua. Angekuwa amewachoka angejitoa kwa kidole kimoja.